Kufa, Kuuawa, Kutoweka: Uhakiki wa Lugha ya Taarifa za Vifo vya Ghafla vya Viumbe katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha taarifa za umma kinavyoeleza matukio ya viumbe kufa kwa wingi katika muda mfupi, wawe samaki, viboko, heroe, vyura, migomba au vijidudu. Hoja kuu ni kwamba msamiati tunaoutumia una kasoro tatu. Kwanza, hutaja sababu ya vifo kabla sababu hiyo haijachunguzwa. Pili, huchanganya kufa, kuhama na kwisha kabisa kwa spishi. Tatu, hutaja idadi ya waliokufa bila kutaja jumla ya waliokuwapo. Makala yanalinganisha msamiati huo na majina ya kale ya maradhi na maangamizi katika Kiswahili na lugha jirani, kisha yanapendekeza nomino mpukutiko itumike kwa tukio lenyewe kabla ya sababu yake kuthibitishwa. Pingamizi dhidi ya pendekezo hilo zinajadiliwa, hususan ile isemayo kwamba lugha isiyotaja mtendaji yaweza kuwa maficho ya mchafuzi.

1.0 Utangulizi

Mvuvi anapofika mwaloni alfajiri na kukuta samaki wameelea matumbo juu, jambo la kwanza analolifanya ni kusema. Humwambia mwenzake, mwenzake akampigia simu kiongozi wa mwalo, na kiongozi akaifikisha habari kwa afisa uvuvi. Kabla ya chupa moja ya maji kuchotwa kwa ajili ya maabara, tukio limekwisha kupewa jina. Jina hilo ndilo huamua ni nani atakayeitwa kwanza. Likiwa ni sumu, huitwa polisi na soko hufungwa. Likiwa ni ugonjwa, huitwa daktari wa mifugo. Likiwa ni upungufu wa hewa majini, anayehitajika ni mtu mwenye kipimo cha oksijeni, tena kabla jua halijapanda, kwa kuwa oksijeni iliyoyeyuka majini huwa chini kabisa karibu na mapambazuko, kisha huongezeka mchana mwani unapopata mwanga. Akifika saa nane mchana, huenda akakuta maji ambayo hayatoi tena ushahidi wa kilichotokea usiku.

Kwa sababu hiyo, suala la lugha hapa linagusa muda, ushahidi na riziki. Tangu Kiswahili kilipopewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipokikubali mwaka 2021 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya, matarajio yameongezeka kwamba taarifa za tahadhari zitavuka mipaka kwa lugha hii. Maziwa, mito na hifadhi zetu nyingi zimegawanywa na mipaka hiyo. Swali la makala haya ni dogo na la moja kwa moja: je, Kiswahili tunachokitumia leo kinaibeba habari ya viumbe kufa kwa wingi kwa usahihi unaotosha kuifanyia kazi?

Makala haya hayahakiki gazeti fulani wala mwandishi fulani. Yanahakiki mazoea ya lugha yanayopatikana katika habari, matangazo ya serikali, vipeperushi vya ugani na hata maandishi ya kitaaluma, yakiwamo ya wanaisimu wenyewe.

2.0 Majina ya Kale na Kile Yalichokiona

Inafaa kuanza na urithi tulio nao. Ukanda wetu ulipatwa na janga kubwa la vifo vya wanyama katika miaka ya 1890, pale sotoka ilipoingia kutoka Pembe ya Afrika na kushuka hadi kusini mwa bara. Katika maeneo mengi ng'ombe karibu wote walikufa, na nyati na nyumbu nao hawakusalimika. Ugonjwa huo ulitangazwa rasmi kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo iliyochangia sana ushindi huo ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, chini ya Walter Plowright.

Katika Kinyarwanda na Kirundi, janga hilo hukumbukwa kwa jina la umuryamo. Msomaji wa lugha hizo huona humo kitenzi kuryama, yaani kulala. Jina halikusema ng'ombe wamelogwa, wala kwamba wamelishwa sumu. Lilisema walichokiona wafugaji, yaani kundi limelala na halinyanyuki. Wamaasai nao waliukumbuka mfululizo wa maafa ya miongo hiyo kwa neno emutai, lenye maana ya kumalizika. Katika Kiswahili, ugonjwa wa kuku uitwao kideri hujulikana pia kwa jina la mdondo, linaloshabihiana waziwazi na kitenzi kudondoka. Vilevile tunasema mnyauko kwa migomba, pamba na nyanya, kutokana na kunyauka.

Majina haya yana jambo linalofanana. Yanataja hali ya kiumbe anayekufa na hayataji muuaji. Yalikuwa majina ya waangalizi. Mtu aliyesema mdondo hakuhitaji kujua virusi ni nini ili aseme kweli, na mwingine alipokuja baadaye na maarifa ya virusi hakulazimika kulifuta neno. Nomino hizi huundwa kwa utaratibu ambao Kiswahili kinaujua vizuri: kiambishi m- mwanzoni, irabu -o mwishoni, na katikati mzizi wa kitenzi kinachoeleza tukio.

Hata hivyo, tusiusifu urithi huu kupita kiasi. Neno mnyauko linatuonyesha pia udhaifu wake. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye kuenea katika nchi jirani, huambukizwa na wadudu wanaotembelea ua dume na kwa panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Mkulima anashauriwa kuliondoa ua dume kwa kijiti chenye panda na kutakasa zana zake. Mnyauko wa fuzari, kwa upande mwingine, unatokana na kuvu aliyemo udongoni anayeingilia mizizini, na kuondoa ua dume hakumzuii. Macho yanaona jani lile lile likilegea, na neno ni lile lile, lakini kinga ni tofauti kabisa. Kwa hiyo jina la mwangalizi ni mwanzo mwema wa taarifa, ila haliwezi kuwa mwisho wake. Fundisho hili litarejewa katika sehemu ya saba.

3.0 Kitenzi na Mtendaji Wake

Lugha ya taarifa za leo imeelekea kwingine. Tukichunguza vitenzi vinavyotumika, tunaona mgawanyo usiotamkwa: mimea hunyauka au hukauka, wanyama hufa, na vijidudu huuawa. Ni nadra kusoma kwamba bakteria au mwani fulani umekufa wenyewe. Dawa huua vijidudu, sabuni huua vijidudu, jua huua vijidudu. Katika sarufi ya maandishi yetu kijidudu ni adui anayeuawa, wala si kiumbe mwenye kundi linaloweza kustawi na kuporomoka.

Mazoea haya yana gharama. Vifo vingi vya samaki katika maji baridi huanzia kwa viumbe wasioonekana. Mwani huongezeka kupita kiasi pale rutuba inapoingia majini, kisha kundi lake likaporomoka katika siku chache. Bakteria wanaouozesha mwani uliokufa hutumia oksijeni, na samaki hukosa hewa. Katika mnyororo huo kuna vifo vya wingi mara mbili, lakini Kiswahili cha taarifa huona kimoja tu, kile chenye mizoga. Kwa kuwa kiungo cha kwanza hakina sentensi yake, msomaji hulijaza pengo kwa neno analolijua, nalo ni sumu.

Tukio la Mto Mara upande wa Tanzania mwezi Machi 2022 ni mfano mzuri. Maji yalibadilika rangi, samaki wakafa, na wananchi wengi wakaelekeza kidole kwenye shughuli za uchimbaji madini. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ilitoa maelezo yaliyotaja kupungua kwa oksijeni kulikotokana na uozo, kukiwamo kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Maelezo hayo yalipofika kwa umma yalikuwa yamefupishwa hadi kubaki sentensi moja: kinyesi cha ng'ombe kimeua samaki. Sentensi hiyo ilipokewa kwa kicheko na hasira, ndani na nje ya Bunge. Watu waliuliza, kwa haki kabisa, mbona ng'ombe wamekunywa maji katika mto huo vizazi na vizazi.

Uhakiki huu hauamui kama kamati ilikuwa sahihi. Kazi ya mwanaisimu ni kuonyesha kilichopotea katika sentensi. Kitenzi kuua kinadai mtendaji, na mtendaji aliyewekwa, kinyesi, hakiui kwa namna ambayo msikilizaji anakielewa kitenzi hicho. Kilichoachwa ni hatua za kati: uozo kuingia majini, bakteria kuongezeka, oksijeni kutumika hadi kwisha, samaki kukosa pumzi. Kwamba mnyororo wa aina hiyo unawezekana si jambo la kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu sehemu ya juu ya mto huo huo, upande wa Kenya, ulieleza jinsi kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 kinavyolundikana katika madimbwi yao na kusukumwa na mafuriko. Katika miaka mitatu watafiti walirekodi mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni, na katika 13 kati ya hayo maji yalifikia upungufu mkubwa. Samaki walikufa bila kiwanda wala mgodi. Lakini utafiti huo nao hauthibitishi kwamba tukio la mwaka 2022 lilikuwa la namna hiyo. Ulichokithibitisha ni kwamba swali lilistahili kuulizwa kwa sentensi ndefu kuliko ile iliyoufikia umma. Serikali iliyosema kwa ufupi ilipoteza imani ya watu, na wananchi waliojibiwa kwa ufupi wakanyimwa nafasi ya kuhoji hatua moja baada ya nyingine, mahali ambapo hoja yao ingeweza kuwa na nguvu zaidi.

Linganisha na tukio la mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, pale sangara walipokufa kwa wingi katika maziwa ya Uganda, likiwamo Ziwa Viktoria. Hapo pia minong'ono ya sumu ilitangulia, na wizara husika ikaeleza kwamba dalili za awali zilionyesha upungufu wa oksijeni. Safari hii kulikuwa na kipande cha ushahidi ambacho mvuvi yeyote angeweza kukisoma. Sangara hawavumilii maji yenye oksijeni haba, ilhali sato huvumilia zaidi, na kamongo hupanda juu kuvuta hewa. Samaki wakubwa wa spishi moja wanapokufa huku kamongo akiendelea na maisha yake, orodha ya waliokufa na waliobaki ni ushahidi wenyewe. Kwa bahati mbaya, taarifa zinazosema tu kwamba samaki wamekufa huufuta ushahidi huo. Nomino samaki haina umbo la wingi na haitaji aina. Aidha, sangara wa Tanzania ndiye mbuta wa Kenya na mputa wa Uganda. Mtu anayekusanya taarifa za mialo ya nchi tatu, bila jedwali la majina haya, aweza kudhani anasoma habari za samaki watatu.

4.0 Utata wa Kutoweka

Kitenzi cha pili kinachostahili kuhakikiwa ni kutoweka. Katika maandishi ya mazingira kitenzi hiki hubeba angalau mizigo mitatu: kuondoka mahali, kufa kwa wingi, na kwisha kwa spishi duniani.

Tuchukue heroe wadogo wa maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Katika miaka ya 1990 walikufa maelfu katika maziwa ya Nakuru na Bogoria, na watafiti wametaja sumu za sayanobakteria pamoja na maradhi miongoni mwa sababu zinazowezekana. Lakini kuna nyakati ambapo heroe hawakufa. Waliruka wakaenda ziwa jingine kwa sababu chakula chao, aina ya sayanobakteria ijulikanayo sana kama spirulina, kiliporomoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Ziwa Nakuru ulihusisha kuporomoka kwa namna hiyo na virusi wanaowashambulia sayanobakteria. Waliokufa kwa wingi walikuwa vijidudu, na ndege wakahama. Kichwa cha habari kisemacho heroe wametoweka Nakuru kinaweza kuwa kweli katika hali zote mbili, na ndiyo maana hakimsaidii mtunga sera. Ndege waliohama wanahitaji ulinzi wa ziwa walikokwenda. Ndege waliokufa wanahitaji uchunguzi wa mizoga.

Mfano wa pili ni chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la maporomoko ya Kihansi nchini Tanzania, akiishi katika eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko hayo. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, mfumo wa kunyunyizia maji uliwekwa ili kumwokoa. Katikati ya mwaka 2003 idadi yake ilikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura alipatikana, na sababu nyingine nazo zimejadiliwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo hayupo tena porini. Lakini alikuwapo katika bustani za wanyama nchini Marekani, ambako kundi dogo lilikuwa limepelekwa mapema, na mwaka 2012 alianza kurudishwa Kihansi. Kiswahili kilisema ametoweka mwaka 2003, kikasema ametoweka mwaka 2009, kisha kikalazimika kueleza jinsi aliyetoweka alivyorejea. Wasomaji wengine waliona kioja, na wengine waliona kwamba onyo la kutoweka si onyo la kweli. Neno linapotumika kabla ya wakati wake, huwa limechakaa siku linapohitajika.

5.0 Idadi Isiyo na Jumla Yake

Kasoro ya tatu ni ya hesabu, lakini ina mizizi katika lugha. Tunapenda kusema mamia, maelfu kwa maelfu, idadi isiyohesabika. Pia tumezoea kusema vifo vya halaiki. Neno halaiki lina matatizo yake kieneo. Kwa Mtanzania, hukumbusha vijana wanaocheza uwanjani kwa umbo na rangi siku za maadhimisho ya kitaifa. Kwa msomaji wa Rwanda na Burundi, hutangulia kumleta akilini mauaji ya halaiki, na kuliona likitumika kwa samaki humkwaza. Neno lenye kumbukumbu nzito namna hiyo si la kuazimwa kwa wepesi.

Muhimu zaidi, wingi hauna maana bila jumla. Mapema mwaka 2025 viboko wasiopungua 50 waliripotiwa kufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hifadhi hiyo iliwahi kuwa na viboko zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Ujangili uliwashusha hadi mia chache kufikia mwaka 2006, na idadi iliyotajwa wakati wa vifo hivyo ilikuwa kama 1,200. Vifo 50 katika kundi la 20,000 ni robo ya asilimia moja. Katika kundi la 1,200 ni zaidi ya asilimia nne. Taarifa inayotaja 50 peke yake haijamwambia mshauri wa sera kama anashuhudia msiba mdogo au pigo kwa kundi lililoanza tu kupona.

Mfano wa mbali unathibitisha hoja hii. Mwezi Mei 2015, saiga zaidi ya 200,000 walikufa nchini Kazakhstan katika majuma machache, zaidi ya nusu ya saiga wote waliokuwa wamebaki duniani. Kilichoutia ulimwengu hofu ni ile nusu. Tukio hilo lina fundisho jingine pia. Bakteria waliowaua walikuwa wakiishi ndani ya wanyama hao bila kuwadhuru, na watafiti walihusisha mabadiliko yao na hali ya joto na unyevu isiyo ya kawaida. Taarifa iliyosema saiga wameuawa na ugonjwa ilisema kweli, lakini haikujibu kwa nini mwaka huo na si mwaka uliotangulia.

6.0 Mzoga Mmoja, Kingo Mbili

Viboko wa Virunga walikufa katika eneo la Mto Ishasha, unaopita mpakani mwa Kongo na Uganda na kuingia Ziwa Edward. Upande wa Uganda ipo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako viboko wapatao 300 walikufa kwa kimeta mwaka 2004 na 2005. Maji, nyasi na mizoga havijui mpaka, lakini maneno yanaujua. Katika Kenya na Tanzania ugonjwa huu ni kimeta. Mashariki mwa Kongo, mwenye elimu ya shule atautaja kwa jina la Kifaransa, charbon, ambalo kwa matumizi ya kila siku ni makaa. Msikilizaji asiyejua istilahi hiyo anaposikia kwamba viboko wana charbon, hana njia ya kujua kwamba ni kimeta kile kile alichokisikia kwenye redio ya jirani.

Zaidi ya jina la ugonjwa kuna jina la mfu mwenyewe. Kiswahili kina mzoga, kibudu na nyamafu. Kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, na katazo lake kwa Waislamu ni la kidini. Kwa asiyefungwa na katazo hilo, kibudu kinaweza kuwa nyama ya bure. Onyo linalosema msile mizoga humfikia mtu mwenye njaa kama ushauri tu. Onyo linalotakiwa ni tofauti: msiupasue. Bakteria wa kimeta wanapokutana na hewa hujifungia ndani ya mbegu ngumu zinazoweza kudumu udongoni miongo kadhaa, na hivyo kisu kinachoufungua mzoga hupanda ugonjwa mahali pale. Onyo kamili lingesema mzoga usipasuliwe, usiburutwe, usitupwe mtoni, na atajwe mtu wa kupigiwa simu. Hakuna istilahi mpya inayohitajika hapa. Vitenzi kupasua, kuburuta na kutupa anavijua kila mtu kutoka Mombasa hadi Bukavu.

7.0 Pendekezo na Pingamizi

Kutokana na uhakiki huu, makala yanapendekeza kwamba taarifa ya kwanza ya tukio la aina hii itumie kitenzi kupukutika na nomino yake mpukutiko. Neno hili si la kubuni. Majani hupukutika, na wasemaji husema pia kuku wanapukutika pale ugonjwa unapoingia bandani. Lina sifa nne zinazofaa. Linaeleza wengi kwa muda mfupi. Linadokeza kuwapo kwa mti uliobaki, na hivyo humwalika msomaji aulize ni wangapi walikuwapo na wangapi wamesalia. Linaweza kutumika kwa samaki, migomba na mwani bila ubaguzi wa ngeli wala wa ukubwa. Na kwa kauli ya kutendeka, -ik-, halimtaji mtendaji, kwa hiyo haliitangulii maabara. Kimuundo linaketi pamoja na mdondo na mnyauko kama ndugu.

Taarifa ya mpukutiko ingejibu maswali manne: kiumbe gani, na yupi aliye jirani yake hakufa; wangapi kati ya wangapi; tangu saa ngapi; na wapi. Sababu ingetajwa baadaye kwa daraja linaloeleweka: inashukiwa, inachunguzwa, imethibitishwa, pamoja na jina la aliyeshuku au aliyethibitisha. Mtindo wa kusema inasadikika au inadaiwa bila kumtaja anayesadiki wala anayedai uachwe, kwa sababu huipa fununu sura ya ripoti. Kutoweka kubakizwe kwa spishi ambayo haionekani tena baada ya kutafutwa ipasavyo, na kuongezewe neno porini pale inapobidi.

Pingamizi ya kwanza ni kwamba kupukutika ni jambo la kawaida la msimu, kwa hiyo neno litapunguza uzito wa janga. Jibu ni kwamba uzito utaletwa na idadi na jumla yake, si na ukali wa kitenzi. Pingamizi ya pili ni ya adabu: neno hili likitumiwa kwa binadamu linaweza kuudhi. Hilo ni kweli, na pendekezo halivuki mpaka wa wanyama, mimea na vijidudu.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito. Yaweza kusemwa kwamba lugha isiyo na mtendaji ni zawadi kwa mchafuzi. Kiwanda kikimwaga taka mtoni, kitafurahi kusikia kwamba samaki wamepukutika, kana kwamba walifikwa na kiangazi. Wanajamii wanaosema sumu mapema hawafanyi hivyo kwa ujinga. Wamejifunza kwamba wasiposema mapema hawatasikilizwa kamwe. Pingamizi hii haijibiki kwa isimu peke yake. Mwandishi anaikubali kiasi hiki: mpukutiko ni neno la hatua ya kwanza, na taasisi inayolitumia inajifunga kuendelea hadi hatua ya mwisho, tena hadharani na kwa tarehe iliyotajwa. Uchunguzi ukimpata mtendaji, sarufi nayo ibadilike. Hapo isisemwe tena samaki walipukutika, wala samaki waliuawa, kwa kuwa kauli ya kutendwa nayo inajua kumficha mtu. Isemwe fulani ameua samaki, na jina likae mwanzoni mwa sentensi. Asiyekuwa tayari kuandika sentensi ya mwisho asiruhusiwe kujificha katika ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba udhaifu wa taarifa zetu za vifo vya ghafla vya viumbe hautokani na uchache wa maneno ya Kiswahili. Wazee waliosema umuryamo, mdondo na mnyauko walikuwa na nidhamu ya kutaja walichokiona, na sisi tumeiacha nidhamu hiyo kwa haraka ya kutaja tusichokijua bado. Kwa taasisi zinazosimamia maziwa na hifadhi za pamoja, na kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, hatua tatu ziko ndani ya uwezo: jedwali la majina ya viumbe na maradhi kwa nchi zote wanachama, fomu fupi ya Kiswahili ya maswali manne kwa ajili ya mialo na vijiji vinavyopakana na hifadhi, na utaratibu wa kurudisha majibu ya maabara kwa mtu yule yule aliyepiga simu ya kwanza. Hatua hii ya tatu ndiyo husahauliwa zaidi. Mvuvi aliyetoa taarifa alfajiri na asipewe jibu, mara ijayo hatahesabu wala hataita mtu. Atasema sumu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.